Baada ya "Nzuri", Ngojeni "Ila"

Wenzetu waliokuwa zamu Siku ya Wauguzi Duniani wameniomba niwawekee maneno niliyosema pale ukumbini Tanga kuhusu utafiti wa kiuguzi na dalili za magonjwa ya kudumu. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani. Picha za ukutani nimeziacha, na hata waliokuwepo hawakuziona zote, maana projekta iligoma mara mbili.

Mgeni rasmi, matroni na mapatroni, walimu wangu mlionipokea nikiwa sijui hata kutandika kitanda cha wodi, wauguzi wenzangu, na ninyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti. Wakubwa zangu, shikamooni. Wengine, hamjambo?

Mmeitikia "hatujambo" mpaka mabati yametikisika. Habari za zamu?

"Nzuri!"

Haya. Sasa naomba anyooshe mkono aliyeamka leo anasikia mgongo unamuuma. Mikono ni mingi, siwezi kuihesabu. Nani jana jioni alivua viatu akakuta miguu imevimba? Nani hajalala usingizi wa kueleweka tangu Jumatatu? Naona hata mgeni rasmi ameinua kidole kidogo.

Sasa hiyo "nzuri" ilikuwa ya nani?

Ndugu zangu, hatukudanganyana. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu akikuuliza habari za nyumbani unajibu nzuri, halafu unavuta pumzi, unasema: "ila mtoto ana homa siku ya tatu leo." Jibu la kwanza ni adabu. Habari yenyewe inakuja baada ya "ila". Kila Mswahili analijua hilo anapokuwa barazani. Akivaa sare na kushika faili, analisahau. Anamuuliza mgonjwa, "Bibi, unaendeleaje?" Bibi anajibu, "Namshukuru Mungu." Muuguzi anaandika: anaendelea vizuri. Anaita namba inayofuata. "Ila" ya yule bibi inatoka naye mlangoni, inapanda naye daladala, inarudi naye nyumbani.

Nimeombwa nizungumzie utafiti wa kiuguzi na dalili za magonjwa ya kudumu: presha, sukari, moyo, saratani, UKIMWI, mapafu. Magonjwa ambayo mgonjwa haagani nayo, anaishi nayo. Mimi nayaona yote kupitia hiyo "ila".

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Nilikuwa muuguzi wa kliniki katika hospitali ambayo sitaitaja, maana kosa lilikuwa langu. Kulikuwa na bibi mmoja mwenye moyo uliochoka. Miguu inajaa maji, pumzi inakata. Anapewa dawa ya kutoa maji mwilini, ile wagonjwa wanayoiita dawa ya kukojoa. Ziara tatu mfululizo nilimuuliza anaendeleaje, ziara tatu akamshukuru Mungu, ziara tatu nikaandika yuko vizuri. Ya nne hakuja kliniki. Aliletwa usiku, amekaa kitako kwenye kiti cha nyuma cha teksi, hawezi kuegemea.

Alipopata nafuu nilivuta kiti. Sikumuuliza anaendeleaje. Nilimwambia, "Bibi, nisimulie usiku wako. Ukishaswali isha, kinafuata nini?" Akacheka. Akasema, "Mwanangu, usiku mimi silali. Nimeegemea ukuta na mito mitatu. Nikisinzia, mkojo unaniamsha." Kumbe dawa alikuwa anaimeza usiku. Kwa nini usiku, bibi? "Asubuhi nauza vitumbua barabarani. Choo kiko wapi pale? Na siku ya kuja kwenu ndiyo simezi kabisa. Nitajikojolea kwenye daladala, wajukuu zangu waaibike?"

Mnaona? Dawa ilikuwa sahihi, dozi ilikuwa sahihi, daktari alikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kuhusu vitumbua. Tukapanga ameze saa nane mchana akishafunga biashara. Siku ya kliniki ameze akirudi. Nikamwambia ajipime uzito kila asubuhi kwenye mzani wa jirani mwenye duka, na ukiruka ghafla kilo mbili aje, asingoje tarehe.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1995, watafiti wa St. Louis kule Marekani walichapisha jaribio la wagonjwa 282 wa moyo, wazee wa miaka 70 kwenda juu. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine walipata timu iliyoongozwa na muuguzi: anawafundisha ugonjwa wao, anapitia dawa zao, anawafuata nyumbani na kwa simu. Ndani ya siku 90, kundi la kawaida lilirudi wodini kwa ajili ya moyo mara 54. Kundi la muuguzi, mara 24. Mimi nilikuwa namuuliza bibi swali moja la salamu, na ushahidi ulikuwa umeshachapishwa.

Tuna methali tunayopenda kuwachapia wagonjwa: mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeisema mimi, mmeisema ninyi. Yule bibi alificha nini? Nani alimuuliza?

Kuna jambo la lugha hapa, mnivumilie kidogo, mwalimu akishika kipaza sauti hakiachii. Sisi tuna neno moja, dalili. Joto ninalolisoma kwenye themometa ni dalili, na baridi anayoisikia mgonjwa mifupani ni dalili. Lakini la kwanza naliona mimi, la pili analo yeye peke yake. Kiswahili hakikuliacha hivi hivi. Tunasemaje? Nasikia maumivu. Nasikia kizunguzungu. Nasikia ganzi. Mgonjwa *anasikia*. Ni sauti iliyo ndani yake, wewe huna sikio la kuipata isipokuwa akuambie. Mwaka 1968 muuguzi wa Marekani, Margo McCaffery, aliandika kwamba maumivu ni kile anachosema mwenye kuyapata, na yapo anaposema yapo. Wakati ule watu walikuwa wanabishana na mgonjwa kama kweli anaumwa. Wakati ule tu? Wodi ya akina mama mnaijua wenyewe. Wazee wetu walishamaliza: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwaka 1994 wauguzi wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichora mfumo wa kuangalia dalili, wakaurekebisha mwaka 2001. Nitausema kwa ufupi kwa sababu mchoro wenyewe umebaki ndani ya projekta. Wanasema tuulize mambo matatu: mgonjwa anaisikiaje dalili hii, anafanya nini nayo, na kimetokea nini baada ya hapo. Na vyote vitatu vinategemea yeye ni nani, anaishi wapi na anaumwa nini. Bibi wa vitumbua yumo humo mzima mzima.

Twende kwa fundi cherehani.

Hii ni miaka ile dawa za kufubaza virusi ndiyo zimeanza kuenea mikoani. Kulikuwa na dawa inaitwa stavudini. Rahisi, ipo, iliokoa watu wengi, tusiitukane. Fundi huyu CD4 zake, yaani chembe za kinga mwilini, zilikuwa zinapanda kila kipimo. Uzito unapanda. Sisi tunampigia makofi. Siku moja anakuja mke wake peke yake, anasema, "Sista, mume wangu ameacha dawa." Kwa nini? "Usiku analala miguu iko kwenye beseni la maji. Anasema inawaka moto. Na cherehani hawezi kuikanyaga tena."

Fundi cherehani asiyeweza kukanyaga cherehani, jamani! CD4 imepanda, watoto hawana ada.

Nilipokaa naye, moto wa miguu haukuwa peke yake. Halali kwa sababu ya miguu. Hana nguvu kwa sababu halali. Hataki kuona mtu kwa sababu hana nguvu wala hela. Nikitibu kipi? Mwaka 2001 wauguzi Marylin Dodd na Christine Miaskowski, pamoja na Steven Paul, waliandika kuhusu wagonjwa wa saratani wenye mambo matatu yanayotembea pamoja: maumivu, uchovu na kukosa usingizi. Kabla ya hapo watafiti wengi walikuwa wanapima dalili moja moja, kama mtu anayehesabu siafu bila kuona msafara. Tangu pale, mafungu ya dalili yamekuwa somo kamili katika utafiti wetu.

Kuhusu UKIMWI wenyewe, wauguzi walifanya jambo ninalolihusudu hadi leo. Waliandika kijitabu cha kujihudumia. Ukiwa na kichefuchefu jaribu hili, miguu ikiwaka jaribu lile, ukiona hivi kimbilia kituoni. Lugha nyepesi, ushauri mwingi ukitokana na yale wagonjwa wenyewe walisema yanawasaidia. Halafu hawakujisifu. Walikipima. Watu 775, vituo 12, Marekani, Puerto Rico na Afrika. Wengine walipewa kijitabu hicho, wengine kijitabu cha lishe. Matokeo yakachapishwa 2008: waliopata kijitabu cha dalili, makali ya dalili zao yalishuka zaidi katika miezi mitatu. Karatasi tu! Karatasi iliyoandikwa na watu waliosikiliza.

Na stavudini? Mwishoni mwa 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziachane nayo, kwa sababu ya madhara kama yale ya fundi. Yeye tulikuwa tumeshambadilishia. Ganzi haikuisha yote, ila alirudi kwenye cherehani, akafunga mota ya umeme asikanyage. Hilo wazo lilikuwa lake, halikuwa langu.

Sasa naona mmeanza kuangalia upande wa chai. Nipeni pepeo kwanza.

Shangazi yangu wa Pangani alipikia kuni maisha yake yote, jikoni hakuna dirisha. Uzeeni mapafu yakaanza kumdai. Alikuwa anakaa mlangoni na pepeo la ukili anajipepea usoni, taratibu. Vijana wa nyumbani wanamcheka: "Shangazi, feni si hiyo hapo juu?" Anawajibu, "Feni inapepea nyumba. Mimi nataka upepo hapa," anaonyesha puani na mdomoni.

Mimi, muuguzi niliyesoma, niliona ni mazoea ya kizee.

Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio la wagonjwa 50 wenye kukosa pumzi kwa muda mrefu. Feni ndogo ya mkononi, dakika tano. Mara moja wanaielekeza usoni, mara nyingine wanaielekeza mguuni, halafu wanapima. Usoni, shida ya pumzi ilipungua. Mguuni, haikupungua vile. Mnasikia? Walifanya jaribio la kisayansi wakathibitisha maneno ya shangazi: hapa, siyo pale. Inadhaniwa upepo wa baridi unagusa neva za usoni, na ubongo unalegeza ile hofu ya kukosa hewa. Pepeo haliongezi oksijeni. Mgonjwa midomo imebadilika rangi usimletee pepeo, mletee mtungi. Lakini yule wa kila siku, anayeogopa kwenda hata chooni kwa sababu pumzi itakata, pepeo la ukili sokoni halimshindi bei.

Na wauguzi walikuwa wameshaanza njia hii. Jessica Corner na wenzake, London, mwaka 1996 walijaribu kliniki ya wauguzi kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu: kuwafundisha kupumua, kupanga shughuli za siku, na kuzungumza nao kuhusu ile hofu yenyewe. Jaribio dogo. Mwaka 1999 wakalirudia kwa vituo vingi na wagonjwa 119, na waliohudumiwa vile walikuwa na nafuu zaidi. Angalieni mwendo huo: dogo kwanza, kubwa baadaye. Wengi wetu hatuanzi kwa sababu tunataka kuanza na kubwa.

Naomba nigombane na neno moja. "Pumzika." Kila mgonjwa aliyechoka tunamwambia pumzika. Ni neno la huruma, na mara nyingi linamzamisha. Victoria Mock, muuguzi wa Marekani, mwaka 1997 alichapisha jaribio la wanawake 46 waliokuwa wakipigwa mionzi kwa saratani ya matiti. Baadhi yao aliwapa kazi ya kutembea kwa miguu mitaani kwao, dakika 20 hadi 30, siku nne au tano kwa wiki. Waliotembea walichoka kidogo kuliko waliokaa. Kinyume na tulivyofundishwa, sivyo? Najua binti zetu wakimwona mama mgonjwa anatembea barabarani watasema muuguzi hana utu. Waelezeni. Msimwache mgonjwa aelezee peke yake kwa majirani.

Mnapowasha mishumaa leo jioni kwa ajili ya Florence Nightingale, yule muuguzi wa Uingereza aliyezunguka wodini usiku na taa, kumbukeni taa ilikuwa mkono mmoja tu. Mkono mwingine ulikuwa na hesabu. Mwaka 1858 alichapisha michoro iliyoonyesha askari wa Uingereza vitani walikufa zaidi kwa maradhi yaliyozuilika kuliko kwa majeraha, na mwaka huohuo akachaguliwa kuwa mwanamke wa kwanza katika jumuiya ya watakwimu ya London. Sisi tumerithi taa. Daftari tumeliacha wapi?

Kuandika kunasaidia nini? Mnisikilize hapa, nikimaliza hili namaliza. New York, katika hospitali ya saratani, wagonjwa 766 waligawanywa. Kundi moja lilijaza dalili zake 12 kwenye kompyuta: maumivu, kichefuchefu, uchovu na nyinginezo. Dalili ikiwa kali au ikizidi, ujumbe unaenda kwa muuguzi. Dawa za saratani zilikuwa za kawaida tu. Mwaka 2017 matokeo ya uhai yakatoka. Kwa wastani wa kati, waliohudumiwa kawaida waliishi miezi 26. Waliokuwa wakiripoti dalili, miezi 31. Miezi mitano, ndugu zangu! Kuna dawa za mamilioni ya shilingi hazifikishi hapo.

Mtasema hatuna kompyuta. Tuna mikono. Wenzetu wa Chama cha Huduma Shufaa Afrika, huduma ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito, walitengeneza maswali kumi, saba ya mgonjwa na matatu ya anayemuuguza, kila moja kwa alama sifuri hadi tano. Ngumi ni sifuri, vidole vitano ni tano. Yalipimwa hapahapa Afrika, yakachapishwa 2010. Hayaulizi maumivu tu. Yanauliza kama mtu ana wasiwasi, kama ana mtu wa kumwambia yaliyo moyoni, kama ana amani. Bibi asiyejua kusoma anakuonyesha vidole vinne, na hapo "namshukuru Mungu" haiwezi tena kumficha.

Ni hapo mwanafunzi mmoja wa nyuma alinyoosha mkono, na nilifurahi kwa sababu sikuwa nimejiandaa. Akasema: "Mwalimu, nikimuuliza akanionyesha vidole vitano, na mimi sina cha kumpa, si nimemuongezea machungu?"

Nilimjibu hivi. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alifika Kampala kuanzisha hospisi. Morfini ya maji, dawa ya maumivu makali, unga unaochanganywa na maji, si ghali, lakini aliyeruhusiwa kumwandikia mgonjwa alikuwa daktari, na vijijini daktari hakuna. Wauguzi ndio waliokuwa wanaziona nyuso usiku. Hawakuacha kuuliza eti kwa sababu mkono ulikuwa mtupu. Waliuliza, wakaandika, hizo habari zikapanda ngazi. Mwaka 2004 Uganda ikabadili kanuni, ikawaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliosomea huduma shufaa kuwaandikia wagonjwa morfini. Ungekuwa wewe wizarani, binti yangu, ungebadilisha kanuni kwa ajili ya mafaili yaliyoandikwa "anaendelea vizuri"?

Akasema hapana. Halafu akauliza aanze na wagonjwa wangapi. Nikamuuliza wodini kwake kuna vitanda vingapi. Akasema ishirini na nne, ila wagonjwa ni thelathini na mmoja.

"Ila" hiyo nimeipenda. Anza na hao saba wa chini.

Nimekuja na kaunta buku arobaini, nimezinunua mwenyewe pale Ngamiani, ziko mezani karibu na birika la chai. Ukurasa wa kwanza nimepiga mistari: tarehe, dalili, vidole vingapi, tumefanya nini, vidole vingapi kesho yake. Jina la mgonjwa msiandike, wekeni namba. Zikijaa, nileteeni tuzisome pamoja. Atakayekosa leo aniambie, nitatafuta nyingine. Karibuni chai.